Gurudumu la Kushoto la Yeslam

Jua la asubuhi halijashuka bado kwenye vichochoro vya Kuze, na pale mwisho wa reli, karibu na Ndia Kuu, miguu miwili imetokeza chini ya toroli. Ni miguu ya Yeslam bin Akil. Mwili wake uliobaki umo chini ya gari, umelala chali juu ya kipande cha jamvi, na mkono mmoja unapapasa gurudumu la mbele la kushoto.

Kila apitaye anaisalimu ile miguu.

"Sabalkheri, Yeslam."

"Sabalkheri, ndugu yangu. Waambaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Na gari je?"

Hapo miguu inanyamaza, na mpita njia anajua la kufanya. Anasema "Mola atajaalia", anakwenda zake.

Yeslam anapojitoa chini ya gari, mwandishi wa habari hii anaona mtu wa makamo, mwembamba, ndevu zimechanwa vizuri, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ina alama za vidole vya grisi kila upande. Anajipangusa kwa ncha ya kikoi na kuamkia upya, kana kwamba zile salamu za chini ya gari hazikuhesabika. Kisha anaonyesha gurudumu.

"Tazama weye mwenye mato mapya," anasema. "Miye nishatazama hata nimechoka."

Mwandishi anainama, anatazama. Anaona gurudumu. Anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayejua, na Yeslam naye anatikisa kichwa taratibu, na wote wawili wanasimama hapo bila kujua lolote.

Msomaji ambaye hajafika kisiwani Mombasa atauliza toroli ni kitu gani. Ni gari dogo la magurudumu manne ya chuma, lina kiti cha mbao cha watu wawili na paa la turubai, nalo hupita juu ya reli nyembamba zinazokatiza mji kutoka huku kwetu hadi Kilindini. Halina farasi wala moshi. Husukumwa na watu wawili wanaokimbia nyuma, na likifika mwisho wa safari hunyanyuliwa na kugeuzwa juu ya mbao ili kiti kitazame kule linakorudi. Wakubwa wana matoroli yao wenyewe. Wasio wakubwa hukodi, na mmoja wa wakodishaji hao ni Yeslam.

Shida ya Yeslam ni gurudumu hilo moja. Linalegea. Likilegea, ekseli inapinda, yaani kile chuma cha chini kinachoshika gurudumu la kulia na la kushoto. Ekseli ikipinda, gari linaanza kwenda upande kama mtu aliyechomwa na mwiba, halafu siku moja linaruka nje ya reli na abiria wake. Likitengenezwa, linakwenda vizuri siku chache. Kisha linalegea tena, lile lile la mbele kushoto. Mengine matatu hayajapata kuumwa hata mafua.

"Lau yangekuwa yote manne ningesema gari bovu, basi," anasema Yeslam. "Lakini moja! Na lile lile! Kwani lina nini nami?"

Safari ya kwenda Kilindini na kurudi humpa rupia moja, na humo mna posho ya wasukumaji wake wawili. Kunyoosha ekseli ni rupia tano. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyesoma.

Msiba huu, hata hivyo, si wake peke yake, na hilo humpoza kidogo. Mwezi uliopita bwana mmoja aliteremsha melini gari la moto, lile linalojiendesha lenyewe. Lilinguruma kutoka Kilindini hadi karibu na Makadara, likakohoa, likazima, na mwisho likarudishwa likivutwa na punda. Mji mzima ulicheka mpaka jioni. Yeslam hakucheka.

"Nilimwonea huruma yule bwana," anasema. "Nilitaka kwenda kumpa mkono."

Kabla ya toroli, Yeslam alikuwa mchukuzi wa maji. Kwa miaka ishirini alibeba mzega: mti begani, debe la maji huku na debe la maji kule, kutoka kisimani hadi majumbani, ngazi kwa ngazi. Bega lake la kulia lina nundu ngumu ambayo hata nguo haiifichi. Mkono wake haupandi kupita sikio. Akivaa kanzu, mkewe Swabaha ndiye humwingiza mkono kwanza, kisha kichwa.

"Nikirudi kwenye mzega, sitamaliza mwaka," anasema, na anasema hivyo bila kujihurumia, kama mtu anayetaja bei ya samaki.

Na kurudi huko kumekaribia. Zein bin Kamaludin, tajiri wa mbata na nazi wa Ndia Kuu, anataka kulinunua toroli hilo. Hataki kiti wala paa. Anataka kuving'oa vyote viwili apakie magunia. Ameshatoa neno lake na kutaka jawabu kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Siku Yeslam alipomkumbusha kwamba gari lina tabia ya kuanguka, Zein alicheka. "Gunia halilalamiki likianguka," alimwambia.

Swabaha anataka liuzwe. Mwandishi alimsikia akisema nyuma ya pazia la ukumbini, na hakusema kwa sauti ndogo.

"Gari lala chakula kuliko sisi," alisema. "Kila nikiweka kitu kwenye chungu, gurudumu lishakitangulia. Miye si mke wa Yeslam tena, miye ni mke-mwenza wa chuma."

Yeslam alisikia, akatazama chini, akakubali kwamba ni kweli.

Sababu ya ugonjwa huo ni jambo ambalo kila mtu Mombasa analo jibu lake, isipokuwa mwenye gari. Mutunga, anayetengeneza reli na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini yake, anaapa kwamba reli zake zimenyooka na kosa liko kwenye chuma cha fundi. Fundi Levi anaapa kwamba chuma chake ni kizuri na kosa liko kwenye reli za Mutunga. Wasukumaji, Kenga na Kalama, wanaona kosa ni la abiria wanene wanaokaa upande mmoja. Yeslam alijaribu hata hilo. Kwa wiki nzima aliwapanga abiria wake kwa uzito, akiwaomba radhi mmoja mmoja, na akampoteza mteja mmoja aliyeambiwa ahamie kulia.

Gurudumu likalegea vile vile.

Halafu ikaja habari ya hirizi. Swabaha, kabla ya kufikia kutaka gari liuzwe, aliamini ni kijicho cha watu. Akaitafuta hirizi, akaifunga chini ya kiti kwa uzi mweusi, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuchanganya. Maana mwezi wote wa Ramadhani toroli halikuumwa hata mara moja. Levi mwenyewe alikuja kuuliza kama Yeslam amepata fundi mwingine. Yeslam alifuturu kwa raha, akawaambia watu msikitini kwamba taabu imekwisha.

Idi ikapita, gurudumu likalegea.

"Hirizi i pale pale," anasema Yeslam, akiinua ubao wa kiti kumwonyesha mwandishi. "Uzi haukukatika. Sasa niambie. Yafanya kazi Ramadhani tu? Ina mfungo?"

Mwandishi anaandika tu, na kadiri anavyoandika ndivyo anavyozidi kupotea.

Tukiwa tumesimama hapo, anafika abiria wa kwanza. Ni Bi Ummulkheir, mama mzee wa Kuze, mwenye buibui lake, fimbo yake na goti lake. Goti hilo linajulikana mtaa mzima kwa sababu hulitaja kwa jina kama mtu wa nyumbani. Ana dada mgonjwa Kilindini, na mwezi wote wa Ramadhani alikuwa akienda kumtazama kila siku, kwa toroli hili hili.

"Yeslam, mwanangu, li hai leo?"

"Li hai, Bi Ummulkheir. Lakini sijui litafika."

"Litafika. Miye nimo."

Anapandishwa kwa heshima zote, mguu wa kulia kwanza, fimbo inafuata. Kenga na Kalama wanashika nguzo za nyuma. Mwandishi anakimbia kando pamoja na Yeslam, na safari inaanza.

Hapa sharti mwandishi aeleze kanuni ya reli, kwa kuwa mambo yote ya siku hii yaliegemea hapo. Reli ni moja na magari ni mengi. Matoroli mawili yakikutana uso kwa uso, moja lazima lishuke: abiria wanateremka, wasukumaji wananyanyua gari, wanaliweka kando kwenye mawe, mwenzake anapita, kisha wanalirudisha relini. Gari la Serikali halishuki kwa ajili ya mtu yeyote. Gari lililobeba mgonjwa hupishwa na wengine wote. Waliobaki hupatana wenyewe, na kwa kawaida kupatana huko kuna kelele.

Kwa Yeslam hakuna kelele. Kisiwani humu hapana mtu anayepisha kama yeye. Akiona gari linakuja, liwe la tajiri au la muuza kuku, huinua mkono mapema na kusema, "Bismillahi, piteni." Watu humpenda kwa hilo. Masharifu humwombea dua. Wapo wanaomkodi yeye kwa sababu tu ni mtu wa adabu, ingawa wanajua wanaweza kumalizia safari yao kwa miguu.

Alipoulizwa kwa nini, alijibu huku anakimbia, maneno yakikatika kwa pumzi.

"Nilipokuwa na mzega nilikuwa nikipiga kelele simile, simile, na watu wakinipisha kwa kuwa hawataki kuloa. Hapana aliyeuliza jina langu. Sasa nina gari. Napisha miye, kwa hiari yangu, na mtu akipita husema, ahsanta Yeslam." Alimgeukia mwandishi. "Kwa jina, umesikia?"

Mwandishi alisikia, na alipenda jibu hilo kuliko alivyotegemea.

Basi karibu na Mnazi Mmoja likatokea toroli la karani mmoja. Yeslam akainua mkono. Kenga na Kalama wakapunguza mwendo.

"Sishuki," akasema Bi Ummulkheir.

"Bi mkubwa, ni dakika moja tu."

"Goti langu halijui dakika. Waambie washuke wao. Enyi! Shukeni! Hapa pana mtu mzima!"

Karani akashuka. Likaja jingine, nalo likashuka. Mwenye gari la tatu alimwona Bi Ummulkheir kwa mbali, akashuka kabla ya kuambiwa, akasimama kando na kumwamkia. Yeslam alikuwa akipita katikati ya watu hao ameinamisha kichwa, anaomba radhi kulia na kushoto, jasho linamtoka lisilo la mbio.

"Alinifanyia hivi Ramadhani nzima," alimnong'oneza mwandishi. "Kila siku. Nilikuwa nikiona haya hata saumu yangu naitilia shaka."

Tulifika Kilindini bila toroli kugusa chini. Bi Ummulkheir aliteremka, akalipa, akamtazama Yeslam kwa muda.

"Gari lako latembea vizuri," alisema. "Lashindwa kushukashuka tu, kama miye."

Akaingia kwa dada yake. Yeslam alimshukuru kwa maneno yale kama anavyomshukuru mtu yeyote kwa lolote, na wala hakuyafikiria. Mwandishi naye hakuyafikiria. Walikuwa wakitafuta mtu wa kubeba kurudi mjini, wakamkosa, na mwisho mwandishi akaambiwa apande yeye.

Safari ya kurudi ilikuwa kitu kingine kabisa. Hatukwenda mbali likaja gari la wauza mboga. "Bismillahi, piteni." Mwandishi akashuka. Kenga akashika mbele, Kalama nyuma, wakalinyanyua na kuliweka kando. Tukapanda. Likaja la kinyozi wa Kihindi na vyombo vyake. "Bismillahi, piteni." Tukashuka. Likaja toroli tupu kabisa, halina mtu wala mzigo, wasukumaji wake wanaimba. Yeslam akainua mkono.

"Hili ni tupu!" mwandishi akasema.

"Wana haraka," alijibu Yeslam.

Pale ndipo mwandishi, kwa uchovu wa kupanda na kushuka, alipobaki amesimama akitazama chini. Kenga alinyanyua mbele, akapiga hatua kando, na kwa kuwa gari ni zito akaliachia pembe moja kabla ya nyingine. Gurudumu la mbele la kushoto likagonga jiwe. Mlio wake ulikuwa kama wa sufuria iliyodondoka jikoni. Halafu Kalama akaweka nyuma, polepole, kwa sababu sasa gari limeshakaa.

"Mbona mnaliweka kushoto?" mwandishi akauliza.

Kenga alimtazama kana kwamba ameuliza mtu hula kwa mkono gani.

"Kulia ni kwa mkubwa, bwana. Mzee Yeslam ametukataza kumpa mtu upande wa kushoto."

"Kila mara?"

"Kila mara. Hata kwa wale wa kuku."

Kibanda cha Fundi Levi kiko Mwembe Tayari, hatua chache tu kutoka relini. Levi ni mtu wa Kisauni, Mkristo, mikono yake ina makovu ya cheche hadi kwenye viwiko, na moyo wake umechoka na toroli hilo kuliko anavyokiri. Mwandishi alimweleza alichokiona. Yeslam alimweleza upya, kwa adabu, akidhani mwandishi hakueleza vizuri. Kenga akaeleza kwa mikono. Kwa muda watu wanne walikuwa wakisema pamoja na hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Levi akapiga nyundo kwenye fuawe mara moja. Wakanyamaza.

"Mnalishusha mara ngapi kwa siku?" akauliza.

Yeslam alianza kuhesabu kwa vidole, akamaliza vya mkono mmoja, akamaliza vya pili, akasimama.

"Na Ramadhani?"

"Ramadhani nilikuwa na Bi Ummulkheir," alisema Yeslam. "Hakushuka hata..."

Akakaa juu ya gogo la Levi. Kofia yake ilikuwa imepinda na hakuinyoosha.

"Yaani adabu yavunda chuma?" aliuliza.

"Sikusema adabu ndiyo inayokivunja, Mzee Yeslam. Nimesema jiwe."

"Lakini jiwe nimelifuata miye. Nimelifuata kwa adabu."

"Hilo mimi sijui," alisema Levi, naye akakaa. "Mimi nimekuwa nikimlaumu Mutunga mwaka mzima. Tumekaribia kupigana. Na bado sina hakika. Huenda ni jiwe, huenda ni reli vile vile. Kwa nini hukuniambia kwamba mnalishusha hivyo?"

"Hukuuliza."

"Nami ningejuaje kuuliza? Matoroli yote hushuka!"

"Ndiyo," alisema Kalama, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. "Lakini hakuna linaloshuka kama letu."

Mwandishi alitegemea kuona furaha hapo. Mtu amehangaika, amelipa, amefunga hirizi, amepanga wanene na wembamba, na leo huenda amejua. Lakini Yeslam hakufurahi. Alikaa pale na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba rafiki yake wa siku nyingi ndiye aliyekuwa akimwibia.

Kalama ndiye aliyetoa shauri. Alisema wajaze gunia makumbi ya nazi, walifunge kando ya gari, na kila wakishusha walitandike chini kwanza ili gurudumu lianguke juu ya kitu laini. Levi alisema laweza kusaidia kwa yale magari ya Serikali, ambayo kuyapisha si hiari. Lakini kwa kushuka kwingi kama huku, gunia litapasuka na ekseli itafuata. Alisema mtu anayetaka kubaki na gari hili hana budi kupunguza kushuka.

"Kupunguza," alirudia Yeslam. "Nimpunguze nani?"

Tukaondoka.

Sasa ni alasiri, na toroli linakaribia mwanzo wa Ndia Kuu. Mwandishi amepanda, Yeslam anatembea mbele, mikono nyuma. Kutoka upande wa mjini linakuja gari lenye paa jeupe na pindo la nyuzi, linasukumwa na watu wanne waliovaa sare. Kitini amekaa Zein bin Kamaludin, mwavuli mkononi. Wasukumaji wake hawapunguzi mwendo. Wameshaliona gari lililo mbele yao na wanajua ni la nani.

Kenga anainama mbele, anashika chuma. Ni mazoea tu.

"Kenga, wata," anasema Yeslam.

Kenga anaachia, ananyooka, anamtazama Kalama. Gari la Zein linafunga breki ya mbao kwa kelele na kusimama mbele yetu, karibu kiasi cha mwandishi kunusa udi wa kanzu ya Zein.

Yeslam anasogea. Anaamkia. Anauliza hali, anauliza nyumba, anauliza watoto, anauliza biashara, na Zein anajibu yote na kuuliza yake. Salamu zinakwisha. Wote wawili wanangoja. Zein anangoja kupishwa, na uso wake hauna ubaya wowote. Katika maisha yake hajapata kuona siku ambayo Yeslam hakupisha.

"Bwana Zein," anasema Yeslam, na sauti yake ni nyembamba. "Miaka yote hii tukikutana, nashuka miye."

"Ndiyo. Na watu wote wakusifu."

"Leo nakuomba ushuke weye."

Zein anageuka kumtazama mwandishi, kama kwamba labda mwandishi ni mtu mkubwa na yeye hakujua. Mwandishi anajifanya anaandika.

"Una mgonjwa?" anauliza Zein.

"N'na mgonjwa."

"Nani?"

Yeslam anainama, anaweka kiganja juu ya gurudumu la mbele la kushoto.

"Huyu," anasema.

Wasukumaji wa Zein wanatazamana. Halafu Zein, kwa uso wa mtu ambaye hajaelewa na hataki ijulikane kwamba hajaelewa, anafunga mwavuli wake, anateremka, mguu mmoja kisha mwingine, anasimama kwenye mchanga kando ya reli.

Watu wake wanne wanalizunguka gari. Hawajui walishike wapi. Hawajapata kulishusha. Wawili wanalivuta huku, wawili wanalivuta kule, mwisho Kenga na Kalama wanakwenda kuwasaidia, na Kalama anawaambia kwa upole waweke nyuma kwanza, mawe yana tabu.

"Na lile jambo letu?" Zein anauliza. "Kesho baada ya sala?"

"Siuzi, bwana," anasema Yeslam. "Uniwie radhi. Siuzi."

"Huuzi?"

"Siuzi."

Zein anasema haya, bwana, mwenye kitu ni wewe. Toroli letu linapita. Linapita polepole, maana Kenga na Kalama nao wanaona haya kukimbia. Yeslam anatembea kando, hatazami nyuma. Tunapofika mwisho wa reli anashika kamba ya gari aifunge, kisha anaiachia. Mwandishi anaifunga kwa niaba yake, vibaya.

"Nimemvundia mtu heshima?" anauliza.

Mwandishi anasema hapana. Kisha anasema labda. Kisha anakiri kwamba hajui, na Yeslam anamshukuru kwa kusema kweli.

Mipango yake anaieleza akiwa amekaa kwenye kiti cha gari lake mwenyewe, jambo ambalo Kenga anasema hajapata kuliona. Kesho atanunua makumbi na gunia. Atamwendea Bi Ummulkheir amwombe safari ya Kilindini iwe ya kila siku, kwa nauli ndogo, ilimradi akae mbele na asinyamaze. Levi ataitazama ekseli baada ya wiki mbili. Ikiwa bado imenyooka, tutajua. Ikiwa imepinda, basi hata mwandishi ameiandika habari hii bure na Mutunga ana la kujibu. Swabaha ataambiwa usiku huu kwamba gari halikuuzwa, na hilo ndilo Yeslam analoliogopa kuliko mengine yote.

"Na kesho baada ya sala," anasema, "nitakwenda kwa Bwana Zein. Nitampelekea sahani ya halwa, nimtake radhi."

"Kwa toroli?"

Yeslam anatikisa kichwa. Anatazama reli inavyonyooka kuelekea Ndia Kuu, ambako gari lenye paa jeupe bado halijarudishwa juu.

"Kwa miguu," anasema. "Nikenda na gari, tukikutana tena ndiani, wallahi nitashuka."